Silinda Juu ya Mafiga

Mashavu alikuwa anapepeta mtama uani alipowaona wanaume wanne wanaingia na chuma kimening'inia kwenye mti, wanatembea polepole na kwa adabu kama watu waliobeba jeneza. Mmoja wao alikuwa mdogo wake, Dadi. Nyuma yao akaja mumewe, Mshamu, jasho linamtiririka, na uso wa mtu asiyejua aanzie wapi kujieleza.

"Baba Johari, hicho nini?"

"Silinda."

"Nimekuuliza nini, sijakuuliza jina lake."

Mshamu akafikiri. "Ni mtungi wa chuma. Mvuke unaingia humu, unasukuma kitu kilichomo ndani, boti linakwenda."

"Sasa boti liko mtoni, mtungi umekuja kwangu kufanya nini?"

"Unaumwa," akasema Mshamu, maana hakuwa na neno jingine.

"Mpikie uji, dada," Dadi akadakia. "Shemeji kaleta mgonjwa."

Wabebaji walitaka kuutua chini. Mshamu akawazuia, akaangaza huku na huku, akaona mafiga matatu ya mkewe, majivu yake bado yana moto. Pale palimfaa. Silinda ingesimama wima, na chini yake pangebaki uwazi wa kuchungulia kama kuna kitu kinadondoka. Hivyo jiko la Mashavu likahamishiwa ukuta wa nyuma, naye Mashavu akaendelea kupepeta kwa nguvu ambazo mtama ule haukuzihitaji hata kidogo.

Msidhani Mshamu alikuwa fundi. Hata uzeeni, wajukuu walipomwita fundi kwa kumsifu, aliwakemea mpaka wakaacha. Kwao ni kule Rufiji inakogawanyika mikono mingi kabla haijaingia baharini, na watu wa huko ni wakata mikoko. Baba yake alikata boriti, naye akakata boriti, akijua siku moja atakufa na panga mkononi na tope magotini, na wala hilo halikumsumbua. Kisha akida alipita kukusanya vijana wa kazi za serikali ya Wadachi, akamtia kwenye boti la moshi awe mchochea moto. Hakuulizwa kama anataka. Ila kazi ile ikamkalia vizuri, tena kuliko alivyopenda kukiri mbele ya watu. Kuni alizijua tangu utotoni. Mkandaa uliokauka alijua unatoa moto wa namna gani, na mti upi ni wa kupoteza muda tu. Lakini elimu yake iliishia kwenye mlango wa tanuri. Mambo ya vyuma yalikuwa ya Sadallah, fundi kutoka Bagamoyo, mtu wa majivuno, ambaye amri yake kubwa kwa Mshamu ilikuwa asiguse kitu chochote kinachong'aa.

Basi boti likaugua. Moto upo, moshi upo, mvuke upo, nguvu hakuna. Boti zima la mvuke hupumua kwa vipande, pumzi baada ya pumzi. Hili likawa linatoa mfyonzo mmoja mrefu usiokatika, likajikokota mpaka kwenye kijito karibu na kwa Mshamu, likakaa kwenye tope. Na kama vile walipatana, Sadallah naye akashikwa na homa kali siku hiyohiyo. Wakamlaza kwenye mtumbwi wampeleke Mohoro.

Kabla hajaondoka alimwita Mshamu. Silinda aifungulie nyumbani, akasema, kwa sababu akiifungulia botini kikianguka kitu, tope litakimeza. Aisimamishe wima, atie maji juu ya pistoni, kile kipande kinachosukumwa na mvuke. Maji yakishuka, ugonjwa ni mmoja kati ya miwili. Ama pete zilizoizunguka pistoni zimekwisha, ama silinda yenyewe ina ufa. Ili ajue ni upi, atie mafuta mazito kuzunguka pete, kisha maji tena. Maji yakikawia, ni pete. Yakishuka vilevile, ni ufa, na ufa atauona akipaka chokaa kavu kwa nje, maana panapovuja patalowa. Yote hayo Sadallah aliyasema meno yanagongana, na nusu yake ilikuwa ni kulalamikia blanketi. Mshamu akaitikia ndiyo, ndiyo, fundi, nimesikia. Mtumbwi ulipopotelea kwenye kona ya kijito, yeye bado kasimama pale anajiuliza: yakikawia ni pete, au yakikawia ni ufa?

Wakati huohuo kule Umatumbi vita vilikuwa vimepamba moto. Watu walikuwa wanakwenda Ngarambe kupokea dawa. Ilikuwa maji yaliyotiwa mafuta ya mbarika na mtama, na walioyapokea waliambiwa kwamba risasi ya Mdachi ikimfikia mwenye dawa haiingii, inageuka maji tu. Walirudi na vibuyu vidogo shingoni, na mwiko wa kutowagusa wake zao. Huku mikokoni watu walikuwa hawajakata shauri. Mchana walimsalimu akida, na akishapita walinong'ona.

Akida mwenyewe hakuwa mtu wa kunong'ona. Alikuja kulitazama boti lililokwama, akamtazama na Mshamu.

"Bamvua ijayo, maji yakijaa, askari watakuja kupanda chombo hiki. Kikienda, salama yako. Kisipokwenda, nitajua wewe ndiye uliyekiua. Chombo hakiugui chenyewe wakati wa vita. Na kamba ninazo."

Hapo mambo yakawa wazi kwa Mshamu, angalau hilo moja. Pete zingetibika. Ufa wa chuma, Rufiji nzima hapakuwa na mtu wa kuuziba. Kilichokuwa kwenye mafiga ya mkewe ama kilikuwa ni pete, akaishi, ama kilikuwa ni ufa, akanyongwa.

Akaomba maji. Mashavu akashika kiuno. Maji matamu kule hayachotwi mlangoni. Kijito kina chumvi, na chumvi, Sadallah alikuwa amesema mara nyingi, inakula chuma. Maji ya kunywa yanafuatwa mbali kwa mtumbwi, na mwanamke wa huko hamwagi hata ya kunawia.

"Nitakupa," Mashavu akasema, "ila yakitoka huko yanarudi humu." Akamwekea chungu chini ya silinda, na pembeni akaweka kibuyu chake kidogo cha zamani, kilichowahi kupasuka akakishona kwa ukindu. Maji ya silinda yangezunguka humo, siku zote yaleyale.

Mshamu akatia maji. Yakashuka yote, yakalia ndani ya chungu. Ama pete ama ufa. Akahamia kwenye chokaa, na chokaa haikuwepo. Mashavu akampa unga wa mtama. Akaipaka silinda nje yote mpaka ikawa nyeupe, akatia maji tena, akainama kuchungulia. Mahali pamoja palikuwa pamelowa. Akamwita mkewe kwa sauti ya mtu anayeaga.

Mashavu akatazama. "Hapo si ndipo uliposhika na mkono wako?"

Kweli, lilikuwa jasho la kiganja. Akafuta, akapaka tena, akatia tena. Sasa palilowa mahali pengine, na hapo napo alikuwa amepashika. Akaamua kufunga mikono nyuma, akaupiga ungo kwa kiwiko, unga ukamwagikia ndani ya maji. Akahamia kwenye mafuta ya mbarika, yale ambayo Mashavu alimpakia Johari, binti yao mdogo, kichwani, akadondosha kidogo, kwa uchoyo, akatia maji. Yakakawia kidogo, kisha yakashuka. Je, huko ndiko kukawia? Kukawia kwenyewe ni kiasi gani? Fundi hakusema. Mshamu akachuchumaa, anaminya ndevu, anajisemea, "Pete. Ufa. Pete. Ufa," na kila akimaliza anarudisha kwenye kibuyu maji ambayo sasa yalikuwa na kutu, mafuta na mtama.

Hivyo ndivyo Bi Tatu, mjane wa jirani, alivyomkuta alipochungulia juu ya ua. Akaondoka bila hata kubisha hodi.

Kuanzia hapo Mshamu hakuelewa tena watu. Waliokuwa wakimwita mbwa wa Wadachi kwa ajili ya boti, sasa walimpisha njiani na kuinamisha macho. Asubuhi moja wakakuta jogoo amefungwa kwenye nguzo ya ua, mwenyewe hajulikani. Mshamu akadhani ni rambirambi ya mapema, watu wamekwisha kumhesabu maiti. Halafu Mashavu akarudi kutoka kwa Bi Tatu, uso umemwiva.

"Unajua kaniuliza nini yule mama? Kaniuliza kama mimi na wewe tunalala kitanda kimoja. Ati wakati huu haifai."

"Haifai kwa nini?"

"Nikuulize wewe!"

Mshamu akainusa mikono yake. Labda ni harufu ya kutu, akafikiri.

Kilichomtisha hasa ni Dadi. Tangu Mshamu amwoe Mashavu, shemeji yake huyu hakuwahi kupitisha siku bila kumtania, awe na njaa, awe na msiba. Sasa alikuja, akakaa kwenye kinu kilicholazwa, akanyamaza. Alitazama maji yakitiwa, alitazama mafuta, hakucheka hata mara moja.

"Shemeji," akasema mwishowe, "mimi usinifiche. Najua unachofanya."

"Basi nisaidie," akasema Mshamu, "maana mimi mwenyewe sikijui."

Dadi akatikisa kichwa kwa heshima. "Wenyewe ndivyo wanavyosema. Ukishayajaribu yakakubali, utatupa na sisi?"

"Nitawapa nini?"

"Hayo maji."

Mshamu akatazama kibuyu, akatazama unga, akatazama chupa ya mbarika. Ndipo kichwa kikamfunguka. "Dadi! Haya ni maji ya silinda! Natafuta ugonjwa wa chuma!"

Mashavu akapiga kofi akacheka mpaka machozi. Dadi naye akacheka, akasimama, akamkonyeza.

"Vyema. Ya silinda. Nami nikiulizwa nitasema hivyohivyo."

Kadiri Mshamu alivyokana ndivyo alivyoaminiwa. Angefanya nini? Asimame njiani atangaze kwamba hatoi dawa? Habari zingemfikia akida kabla hajamaliza sentensi. Akanyamaza, na kunyamaza nako kukahesabiwa.

Habari zilimfikia akida vilevile. Alikuja na askari wawili, akaingia uani bila hodi, na majirani wakajaa nyuma ya ua wanachungulia. Akakuta kibuyu cha maji, chupa ya mafuta ya mbarika, ungo wenye unga wa mtama, na katikati chuma cha serikali kimesimama juu ya mafiga, kimepakwa cheupe.

"Wapo walionyongwa kwa pungufu ya hivi," akasema taratibu.

Mshamu akaanza kueleza. Akaanza na pete, akarukia ufa, akarudi kwenye homa ya Sadallah, akachanganya blanketi na chokaa. Alijisikia mwenyewe anavyosema, na hata yeye asingejiamini. Mashavu alikuwa amemshika Johari, kamkumbatia.

"Nionyeshe," akida akasema. "Fanya mbele yangu."

Mshamu akatia maji. Yakashuka yote chunguni.

"Sasa hayo mafuta."

Mshamu akaishika chupa. Siku zote alikuwa anadondosha kwa kupima, akiwaza kichwa cha Johari. Leo chupa ikamponyoka kiganjani ikainamia ndani ya silinda, mafuta yakamwagika yote, mazito, yakaizunguka pistoni pande zote. Akasubiri yatulie. Akatia maji.

Maji yakakaa.

Akida akainama. Askari wakainama. Nyuma ya ua watu wakasimama juu ya vidole. Maji yalikuwa yametulia juu ya pistoni, mawingu yanaonekana ndani yake, na chunguni halikudondoka hata tone. Mshamu akaitazama silinda nje, unga wote ulikuwa mkavu, pande zote. Na sauti ya Sadallah ikamjia, safi, pamoja na meno yake yanayogongana: yakikawia, ni pete.

"Pete!" akapiga kelele. "Mama Johari, ni pete! Si ufa! Ni pete!" Akakaa chini kwenye majivu, akalia kwa furaha mbele ya wanaume, wala hakuona haya.

Akida hakuelewa habari za pete, lakini alikuwa amewasikiliza waongo wengi maishani, na hakuwahi kumwona mmoja akilia vile. Akatikisa kichwa. "Bamvua," akasema. "Na mtama huo wape kuku." Akaondoka na askari wake.

Dadi alikuwa nyuma ya ua. Alikuwa ameona kwa macho yake maji yakipita kwenye chuma bila kizuizi, kisha yakatiwa mbarika, na mtama umo, hakikupita kitu. Na ameona akida wa Wadachi, mwenye bunduki mbili, akainama kuyatazama na kuondoka mikono mitupu. Ungemwambia nini mtu aliyeona hayo? Mimi ningekuwa pale, sijui ningeamini nini.

Mshamu hakuwa na nafasi ya kumwangalia Dadi. Alifungua silinda, akatoa pistoni, akakuta pete moja imekatika vipande viwili na ya pili imelika. Pete mpya hakuwa nazo. Lakini kutia kalafati, kuziba mianya ya mbao za majahazi, alikujua tangu ujana, akashindilia katani iliyoloweshwa mafuta ya ng'ombe kwenye mfuo wa pete, safu juu ya safu, mpaka pistoni ikaingia kwa kubana. Akatia maji. Yakakaa. Akayatoa, akayatia tena, kwa raha tu.

Silinda iliporudishwa botini, Dadi hakuwa miongoni mwa wabebaji. Mashavu alirudisha jiko lake kwenye mafiga, kisha akaanza kuzunguka uani akiinua vitu.

"Baba Johari, kibuyu changu cha kushona kiko wapi?"

"Labda Bi Tatu kaazima," akasema Mshamu, na masikio yake yalikuwa mtoni.

Bamvua ikaja, maji yakaliinua boti. Sadallah alikuwa amerudi, amekonda, shingo imebaki fimbo. Akaizunguka silinda, akaigonga kwa kidole, akasema "Hm," na kutoka kwake hiyo ilikuwa sifa. Askari wakapanda. Mshamu akachochea, Sadallah akafungua mvuke, na boti likapumua. Pumzi, na pumzi, na pumzi, zimekatika vizuri, hakuna mfyonzo. Mshamu aliona fahari, na kwa nini nifiche? Alikuwa ameponya kitu, na shingo yake ilikuwa mahali pake.

Walipanda na mto, mikoko ikaisha, mashamba yakaanza. Kwenye kona moja askari wakanyanyuka ghafla. Mshamu akachungulia kwenye uwazi wa pembeni mwa tanuri. Ukingoni walikuwa wamesimama watu, wengi, nao hawakukimbia. Walikuwa wanateremka majini kuja kulipokea boti, kila mmoja na kibuyu shingoni. Wa mbele alikuwa anacheka, na kicheko kile Mshamu alikuwa amekikosa tangu silinda ilipokuwa uani. Kibuyu cha kifuani pake kilikuwa na mshono wa ukindu.

"Dadi!" akaita, lakini kelele za boti zikammeza. "Dadi, ni ya silinda!"

"Kuni!" Sadallah akafoka.

Mshamu alikuwa na gogo la mkandaa mkononi. Hakulitia. Alitega sikio kwenye silinda, akatafuta mfyonzo, akatafuta mgongano, akaomba katani ichomoke, akaomba ufa, ufa uleule uliokuwa umemkosesha usingizi. Silinda ilikwenda pumzi, na pumzi, na pumzi. Mvuke uliokwisha kupanda ulitosha. Boti likakata maji kuelekea ukingoni, sawasawa kama lilivyotengenezwa, na bunduki zikaanza.

Baadaye askari waliokota vibuyu kuwa ushahidi, wakavitupa kwenye rundo kando ya kuni. Wao walicheka. Mshamu alisogeza magogo, akakificha kimoja chini yake.

Alifika nyumbani jioni. Mashavu alikuwa anasonga ugali kwenye mafiga yake, ambayo bado yalikuwa na madoa ya mbarika. Hakumuuliza juu ya watu. Habari za mtoni zilikuwa zimetangulia, na kwa mdogo wake mlango ulikuwa umefungwa tangu jana.

"Boti lilikwendaje?" akauliza bila kugeuka.

"Lilikwenda vizuri," akasema Mshamu.

Akaketi. Akakitoa kibuyu kwenye nguo, akakiweka chini, kando ya mafiga. Mashavu akaepua chungu, akaweka mwiko pembeni, akakichukua. Akaupapasa mshono wake kwa kidole gumba, mwanzo hadi mwisho. Kisha akakitikisa karibu na sikio.

Maji yalikuwa bado yamo. Hayakuvuja hata tone.